Nusu ya Methali

Kanga ilikwisha kuchorwa, pindo na mji, lakini pale pa jina palikuwa peupe. Judica aliikodolea macho kwenye kompyuta ya mchapaji wa Zhongda, soko la vitambaa la Guangzhou, akaona haya, maana jina alipewa yeye alitafute, msomi mzima.

Bi Sihaba, mfanyabiashara wa Unguja, alitaka doti moja tu, ya mdogo wake Swalha. Miaka mitatu hawakusemezana, tangu Sihaba alipobaki Guangzhou kushughulikia kontena na harusi ya binti wa Swalha ikampita. Simu Swalha hapokei. Kanga ataisoma, apende asipende.

Tasnifu ya Judica ilihusu wanazuoni wa Ulaya wa karne tano zilizopita, waliochota methali za Wayunani na Warumi, wakazipanga madaftarini, kisha wakazitia katika barua na vitabu vyao. Hakuwaheshimu sana. Katika sura ya pili aliwaita waazimaji wa vinywa vya wafu. Kwa hiyo yeye alitunga majina matano mapya, yenye vina, akayasoma kwa madaha.

"Mazuri," Bi Sihaba alisema. "Lakini ni yako, mwanangu. Swalha atauliza, nani huyu anayenisemesha? Andika: *Wakipatana, chukua kapu ukavune*."

"Hiyo nusu, Bi Sihaba. Inaanza na ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime."

"Tumelima miaka mitatu, hatujachoka? Mama, Mungu amrehemu, akiwafukuza kwa methali hiyo majirani waliokuja kutuamua. Swalha ataijaza mwenyewe."

Judica alikumbuka barua aliyoipitia haraka maktabani: mwanazuoni akimwandikia rafiki waliyekosana naye, methali ya kale ameikata katikati. Alidhani mzee yule alichoka tu. Jioni akaifuta ile sentensi ya waazimaji, na roho yake ikatulia.

Doti ilichapwa ikapelekwa Unguja, lakini wiki sita hazikuleta neno. Bi Sihaba aliacha hata kulitaja jina la mdogo wake. Ndipo Khatib, mwanafunzi aliyetoka likizo Unguja, akaleta kifurushi. Ndani mlikuwa na kanga moja. Swalha ameikata doti, nusu amebaki nayo.

Bi Sihaba alipitisha kidole kwenye upindo, polepole, mpaka mwisho.

"Kapinda kwa mkono," alisema. "Na cherehani anayo."

Akajifunga palepale juu ya suruali, kati ya marobota ya vitambaa, anacheka na machozi yanamtoka. Judica naye akacheka.

"Nipige picha, mwanangu. Jina lionekane."