Mahudhurio ya Koultoum

Kila asubuhi kabla ya somo la kwanza, mhadhiri Tadjidine aliondoa kitambaa cha kudarizi kilichofunika kompyuta ya chuo cha ualimu mjini Moroni, akakikung'uta dirishani, akafuta kioo cha mashine kwa ncha ya kanzu yake. Kisha alisubiri kidogo, mikono nyuma, mpaka kichwa cha Koultoum kitokeze kiooni, kikifuatwa na mkono wa kulia ulioshika kalamu.

"Umeamkaje, fundi?" Koultoum aliuliza. Fundi ndivyo mwalimu anavyoitwa visiwani humo.

"Salama. Mutsamudu kuna mvua?"

"Ipo, tangu alfajiri."

Baada ya hapo somo la jometri lilianza.

Kompyuta zilikuwa mbili, zawadi ya wafadhili. Moja ilibaki Moroni, ya pili ikapelekwa Mutsamudu, ili vijana wa kisiwa cha Ndzuani wasome huko huko kwao huku mhadhiri akiwa Moroni, kisiwa cha Ngazidja. Siku ya kuzipokea, mkubwa mmoja wa serikali alisema kuwa sasa bahari kati ya visiwa imefutwa. Haukupita muda mrefu Ndzuani ikajitangaza kujitenga. Simu zikakatwa, meli zikasimamishwa. Bahari ilibaki pale pale, ila hapakuwa tena na kitu cha kuivukia.

Koultoum alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Alikuwa amepanga chumba Badjanani, mji wa kale wa Moroni, na alichotaka duniani ni cheti cha ualimu. Wiki ambayo vijana walipita mtaa kwa mtaa wakiwaambia Wandzuani warudi kwao, mwenye nyumba alimbebea begi mpaka kwenye chombo cha mwisho, na njia nzima akamhakikishia kwamba yeye binafsi hana kinyongo naye.

Kule Mutsamudu mama yake, Roukaya, hakumuuliza mengi. Yeye mwenyewe aliwahi kufukuzwa Mahajanga, ng'ambo ya bahari, pamoja na watu wengine wa visiwani, mimba ya Koultoum tumboni, na alijua kwamba mtu aliyefukuzwa hupewa kwanza chakula. Kompyuta ya pili Koultoum aliikuta humo humo nyumbani. Ridjali, mlinzi wa ghala la bandari, alikuwa ameileta kwa Roukaya kwa sababu paa la ghala lilivuja na la Roukaya halikuvuja. Haikuwa imechomekwa mahali popote. Umeme wenyewe ulikuja kwa kubahatisha, na plagi haikuingia kwenye soketi za nyumba ile.

Siku moja Koultoum alikuwa akipangusa kioo cha kompyuta hiyo, mkono ukapita. Upande wa pili vidole viligusa chaki. Alisukuma kichwa nacho kikapita, lakini mabega yote mawili hayakutosha, kioo kilikuwa kidogo. Mbele yake alimwona Tadjidine akichora pembetatu ubaoni.

"Umechelewa, Koultoum," alisema Tadjidine.

"Nisamehe, fundi. Meli hazipo."

"Haya. Tuko kwenye pembe za ndani."

Masomo yakaendelea hivyo. Roukaya akianika karafuu, darasa zima la Moroni lilinukia karafuu. Kule Mutsamudu, Ridjali alitumwa na wakubwa wake kuuliza kwa nini kichwa kinatoka kila siku bila ruhusa na kuingia nchi ambayo haina uhusiano nao. Ikaamuliwa Koultoum agongewe muhuri wa kutoka na wa kurudi. Muhuri uligongwa kwenye kiganja cha kushoto, maana ndicho kilichobaki nchini. Ridjali aliifanya kazi hiyo kwa upole, na kabla ya kugonga alipuliza wino usimchafue.

Tatizo likazuka Moroni, nalo lilihusu mahali pa kukaa. Meza ya kompyuta ilikuwa mbele, karibu na ubao. Darasani humo alikuwamo Moindjié, karani mtu mzima aliyerudi kusoma apate cheo. Mwaka uliotangulia alikuwa amefanya ndoa kubwa, ile ambayo Mngazidja huiandaa nusu ya umri wake, na asiyeifanya hasemi mbele ya watu uwanjani hata akiwa na mvi. Aliyeifanya hukaa mbele.

"Sina neno na binti," alisema Moindjié. "Ana adabu. Lakini mimi nimeshaoa ndoa kubwa. Nitakaaje nyuma ya kichwa chake?"

Kila mtu aliona kwamba ana haki. Hata Koultoum aliona.

"Nisogezeni, fundi," alisema. "Ni haki yake."

Wakamsogeza nyuma, akazibwa na kofia za wenzake. Wakamsogeza dirishani, jua likampiga usoni. Mwishowe meza ikawekwa mlangoni, miguu ya mbele ndani ya darasa, ya nyuma kwenye korido. Nusu ya ndani ilibeba karatasi zake, nusu ya nje ikabeba kompyuta. Kutoka hapo ubao ulionekana vizuri, na Moindjié hakuwa na mtu mbele yake. Wote wakaridhika.

Mtihani wa mwisho ukaja. Koultoum aliumaliza kabla ya wenzake, akasubiri kwa heshima wote wamalize ndipo akarudisha kichwa. Alama zake zilipita za kila mtu. Moindjié alianguka.

Kamati ya mitihani ilikutana chini ya uenyekiti wa Bwana Bacar, mtu mpole aliyependa mambo yaende kwa kanuni. Kanuni ilidai mtahiniwa awe ndani ya chumba cha mtihani. Mjumbe mmoja aliuliza kama kichwa na mkono vinatosha kuwa mtahiniwa. Mwingine akajibu kwamba asiye na mguu hufanya mtihani bila mguu, na hakuna aliyewahi kuudai mguu huo. Hoja ikakubaliwa, na mambo yalikuwa yanaelekea vizuri.

"Kichwa kilikuwa wapi hasa?" aliuliza Bwana Bacar.

Walikwenda kuangalia. Kompyuta ilikuwa kwenye korido.

Tadjidine alieleza kuwa iliwekwa pale kwa heshima ya Moindjié. Bwana Bacar alisema heshima hiyo ilikuwa sahihi kabisa, na yeye mwenyewe asingekubali vinginevyo. Kamati ilimpongeza Koultoum kwa adabu yake. Kisha ikaandika kwamba hakuhudhuria.

Tadjidine ndiye aliyempa habari. Koultoum alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho, kwa kuwa darasa lilikuwa limejaa watu. Kule Mutsamudu, Roukaya alikuwa ameketi kando ya mwili wa bintiye, amemshika mkono wa kushoto. Hakusikia neno. Aliuhisi mkono ule ukilegea ndani ya wake, akajua.

Mwaka uliofuata wahadhiri wengine waligoma. Tadjidine naye akaugua koo, sauti ikamkauka, akamwomba Koultoum awafundishe vijana mpaka apone. Koultoum alikubali. Ilimuuma, lakini alipenda kufundisha, na maumivu na mapenzi hayo yalikaa pamoja kila asubuhi. Meza ikarudishwa mbele, katikati. Moindjié, aliyekuwa akirudia mwaka, ndiye aliyeinyanyua upande mmoja.

"Mwalimu ni mwalimu," alisema. "Mahali pake ni mbele."

Koo la Tadjidine lilichukua mwaka mzima kupona, na hata alipopona alimwachia Koultoum darasa. Koultoum alifundisha vizuri. Wanafunzi walizoea kumwandikia kwa chaki ubaoni pale mkono wake usipofika, na wakaacha kuzungukia nyuma ya kompyuta kutafuta mwili wake. Wote walifaulu, Moindjié akiwamo. Kamati ilipohoji kama masomo yalifundishwa na mtu aliyekuwa ndani ya chumba, Bwana Bacar alikwenda mwenyewe kutazama meza ilipo, akarudi akasema mwalimu alikuwepo. Vyeti vikatolewa. Koultoum aliomba mtihani wake nao utazamwe upya. Alijibiwa kwamba huo ni wa mwaka mwingine.

Moindjié alipata cheo alichokitaka, na kabla mwaka haujaisha akawa mkaguzi wa walimu. Asubuhi moja alifika chuoni na kanzu mpya, akakaa benchi la nyuma, maana ndiko wanakokaa wakaguzi, akalisikiliza somo la jometri. Aliandika kila kitu. Darasa lilipopumzika alikwenda mbele.

"Somo zuri, fundi," alisema. "Sijui kama kuna wa kukufikia hapa Moroni. Naomba nione cheti chako."

"Unajua sina," alisema Koultoum.

"Najua." Alionekana kuumia kweli. "Basi itabidi niandike kwamba darasa hili halina mwalimu."

"Andika, mkaguzi."

Aliandika, akitumia meza ya Koultoum kuegemeza karatasi. Alipomaliza alibaki amesimama hapo mbele ya ubao. Koultoum alimwomba asogee kidogo, wanafunzi waone ubao, akaendelea na somo.