Mbao Kavu za Thornlow

Mwaka ule wa kwanza bila mumewe Wilf, Edna Wagstaff alioka biskuti za tangawizi, akajifunga skafu, akaenda kwenye banda nyuma ya kanisa. Kila kiangazi watu wa kijiji cha Thornlow hukutana humo wakasiliba udongo kwenye mbao kubwa, kisha wakapachika petali za maua moja moja mpaka picha itokee. Jumamosi picha husimamishwa kwenye kisima cha kijiji, kasisi akaja kumshukuru Mungu kwa maji yake.

Edna aliianza kazi hiyo angali msichana wa nywele mikia miwili. Enzi hizo kina mama waligombania petali za buluu za kutia angani mpaka wakanuniana, na jioni wanakwenda kunywa chai pamoja. Sasa nyumba nyingi ni za watu wa mjini, wanaokuja mwisho wa wiki na kufunga mapazia. Alichotaka Edna ni kimoja tu: kisima kisikose maua. Kikikosa mwaka mmoja, basi tena. Vijiji vya jirani viliacha hivyohivyo.

Akamkuta Clifford, mwenyekiti wa kamati ya kisima, ameshika kiuno.

"Edna, mbao hazijalowekwa. Kavu kama mkate wa juzi."

Kweli, zimeegemea ukuta na utando wa buibui juu yake. Mbao kavu hunyonya maji ya udongo, udongo ukapasuka na kudondoka na maua yake. Ndiyo maana huzamishwa mtoni kwanza. Ilikuwa kazi ya Wilf, miaka yote.

"Nilidhani umempa mtu," Edna akasema.

"Na mimi nilidhani wewe ndiye umempa mtu. Niliona haya. Mtu kafiwa juzi, nije mlangoni kwake nimuulize habari za mbao?"

"Lakini habari za mvua uliniuliza kila wiki!"

Clifford akatazama viatu vyake. "Si nilikuwa natafuta pa kuanzia."

Edna akacheka. Tangu mazishi hakuwa amecheka.

"Tuahirishe," Clifford akasema.

"Kasisi ana vijiji vingine vya kuhudumia. Tukiahirisha ndiyo kwaheri. Shika upande huo."

Wakaziburuta mpaka mtoni, wakazikandamiza kwa mawe. Clifford akalalamikia mgongo, Edna akamwambia hata mgongo wa Wilf ulikuwa unauma, ila yeye alikuwa akiimba.

Mbao zilitoka majini Ijumaa, siku moja tu kabla ya ibada. Jumamosi udongo ulikuwa tayari, lakini maua yalikuwa kona moja tu: majani kidogo na miguu ya kondoo wa kwenye picha. Wakazilaza mbao juu ya meza ndefu kando ya kisima. Kasisi akaomba mbele ya udongo mtupu. Edna akajiona yeye ndiye aliyekizika kisima.

Kasisi alipomaliza, mwanamke mmoja akasogea. Harriet, wa ile nyumba ya lango jeupe, mtu wa mwisho wa wiki.

"Samahani, mama. Haijaisha?"

"Macho si unayo, mwanangu."

"Naweza kusaidia?"

Edna akamtazama kucha. "Nawa mikono. Anzia chini, upande juu. Kila petali ilalie kidogo ile ya chini yake, kama vigae, mvua iteleze."

Harriet akapachika moja, akapachika ya pili. Akamwita mumewe. Jirani yake naye akaja, na watoto wake.

"Miaka yote tulitamani," Harriet akasema, "ila tulijua haturuhusiwi. Mlango wa banda kila siku umefungwa."

"Umefungwa kwa sababu ya upepo!" Edna akasema. "Petali zinaruka. Jamani, kwani mlishindwa kubisha hodi?"

"Tuliona haya."

Clifford akakohoa, akageukia pembeni.

Mpaka jua linashuka, meza ilikuwa imezungukwa bega kwa bega, na kina mama wawili ambao asubuhi hawakujuana walikuwa wameshaanza kubishana juu ya buluu. Edna akapenyeza kiwiko.

"Sogea huko, Clifford. Unanizibia kondoo."