Moto wa Kusafisha Shamba

Gamba la mti lilibanduka mkononi mwa mume wangu kama ganda la yai la kuchemsha. Ferdinand akalitazama, akaligeuza, kisha akakwangua shina kwa kisu. Ndani palitakiwa kuwa na ukijani. Palikuwa na rangi ya tumbaku. Akahamia mti wa pili, akakwangua, akaenda wa tatu. Juu ya vichwa vyetu majani yalikuwa yananyauka katikati ya Juni, msimu wake wa kustawi, nami nikajua kabla hajasema kitu.

"Daddy, are they dead?" akauliza Queen, binti yetu, kama miti imekufa.

Baba yake akaenda kukwangua mti wa nne.

Ilikuwa mwaka 1999, huku Marekani, Kaunti ya Howard, mbali na nyumba yetu ya kupanga Alexandria. Siku za kazi Ferdinand aliegesha magari ya wageni wa hoteli. Lakini yeye ni mtoto wa Newala, kazaliwa chini ya mikorosho, na mtu wa hivyo hata umvike sare na kofia, mikono yake inatafuta mti. Bi Dorothea, mjane wa Kimarekani tuliyesali naye, alikuwa na shamba la chesnati, njugu za mti mkubwa zinazokaa ndani ya maganda yenye miiba kama nungunungu. Mumewe aliipanda miti ile, akafa. Watoto hawakuitaka, na kampuni ya kujenga nyumba ilikuwa inalinyemelea shamba. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na yule bibi alipona kweli alipompata Ferdinand.

"Miti ikiendelea kuzaa, siuzi," alimwambia. "Na wewe utaitunza mpaka uchoke."

Basi ungemwona mume wangu! Jumamosi aliamka akipiga mluzi, utadhani kapewa ufalme. Vuli ya kwanza Bi Dorothea alitufundisha kuokota njugu kwa glavu, kuzitia kwenye ndoo za maji ili zilizotobolewa na wadudu zielee, na nzima kuziweka kwenye friji zisioze. Ferdinand alisikiliza kama mwanafunzi. Nadhani ndiyo maana mwaka uliofuata alitaka naye alete cha kwao.

Ulikuwa mwisho wa Agosti, njugu hazijaanza kuanguka, na nyasi kavu zilikuwa zimejaa chini ya miti. Kwao korosho haiokotwi kwenye takataka. Unafyeka, unafagia, unachoma, pakibaki peupe hata kipofu ataokota.

"Hapa sijaona mtu akichoma, Baba Queen," nilimwambia.

"Mwacha mila ni mtumwa, Mama Queen." Alikuwa anacheka.

Mikorosho ya kwao imesimama mbalimbali. Miti ya Bi Dorothea ilikuwa imebanana kwenye mistari, na mvua ilikuwa imegoma tangu Julai. Moto ukatambaa chinichini, ukalamba mashina, tukauzima kwa magunia yaliyolowa. Tuliona masizi kidogo tu. Mavuno yakawa mazuri ajabu, na chini palikuwa peupe kweli, mpaka Bi Dorothea akapiga makofi. Baridi ilipokwisha miti ikachipua majani kama kawaida. Kumbe ilikuwa inakula akiba yake ya mwisho, gamba limeshaungua mpaka ndani.

Juni ile, baada ya kukwangua, Ferdinand alikwenda mwenyewe kumweleza Bi Dorothea, jikoni kwake, kofia mkononi. Bibi hakupaza sauti. Heri angepaza. Alimshika mkono, akasema, "Ulitaka pawe safi tu." Mwezi uliofuata akaiuzia kampuni shamba lake. Ferdinand akaomba aikate miti mwenyewe, hakutaka mgeni aiguse. Mimi nilibaki garini nikilia, wala sioni aibu kusema, maana kila msumeno uliponguruma nilihisi anajikata mwenyewe.

Septemba kimbunga kikaleta mvua. Bi Dorothea alitaka kuliona shamba mara ya mwisho kabla matingatinga hayajaingia, nasi tukatangulia kumfungulia geti. Hapo ndipo tulipoona. Kwenye mizizi ya kila kisiki chipukizi zilikuwa zimetoka, za kijani, zimesimama wima. Moto uliua mashina tu. Miti ingesubiriwa, ingerudi.

Ferdinand akachuchumaa. Nikadhani anasali.

"Akiziona hizi," akasema, "atajua hakuwa na haja ya kuuza."

Akaivunja ya kwanza kwa kidole gumba. Ilikatika kirahisi, teketeke. Sikumzuia. Nilishika mstari wa pili, tukaenda tumeinama, tukivunja na kutia mifukoni.

Gari la bibi lilipoingia hatukuwa tumemaliza. Ferdinand akakikalia kisiki cha mwisho kilichobaki na chipukizi, akalishusha koti lake mpaka likagusa udongo, akampungia mkono.