Mikono ya Sugna

Ghisulal alianza kufua shaba mjini Jaipur hata ndevu hazijamwota, lakini kichochoro cha Maniharon, wanakotengenezea bangili, hakuwahi kukikanyaga. Ya nini? Bangili ni mambo ya wanawake, na nyumbani kwake mambo hayo yalikuwa na mwenyewe, mkewe Rukma. Sasa Rukma hayupo. Alifariki baridi ilipokuwa ikiisha, na leo mvua zimeanza, Teej, sikukuu ya wanawake, inabisha hodi, na mkamwana wao Sugna yuko kwao akisubiri Teej yake ya kwanza tangu aolewe.

Teej ya kwanza bi harusi huila kwao, na ukweni humpelekea sinia: sari ya mawimbi, hina, vitamu, na juu ya yote bangili za lakiri. Sinia hilo hufunuliwa mbele ya shangazi na majirani, na majirani, kama ujuavyo, wana macho.

Dhapu, dada yake Ghisulal, alikuwa ameshakata shauri. "Mwaka huu tuna msiba, Ghisu. Peleka vitamu kidogo tu. Wataelewa."

"Wataelewa wao. Na mtoto je?"

"Atapata mwakani."

"Teej ya kwanza haiji mwakani, dada."

"Haya, bingwa! Nani atachagua? Mimi miguu hii hainifikishi hata mlangoni. Utakwenda wewe na kilemba chako, ukasukumane na wanawake?"

"Nitakwenda."

Dhapu alicheka mpaka akapaliwa.

Acha acheke. Muda wote Rukma alipokuwa kitandani, Sugna ndiye aliyemwogesha, akamlisha na kumbadilisha nguo bila kukunja uso. Uso wenyewe, kusema kweli, Ghisulal hakuwahi kuuona, maana mkamwana hujifunika ushungi mbele ya baba mkwe wala hamsemeshi. Ndiyo tabu yenyewe. Shukrani ilimjaa kifuani na hakuwa na pa kuitolea. Utamwambiaje asante mtu usiyesemezana naye?

Basi akaenda. Duka la Bi Mehrun lilikuwa limejaa pomoni, na mwenyewe ameketi mbele ya jiko la makaa, anaviringisha lakiri ya moto kama mtu anayesukuma chapati.

"Mzee, umepotea? Wauza tumbaku wako upande ule."

Wanawake wakaangua kicheko. Ghisulal akajikaza. "Nataka bangili za Teej. Za mkamwana wangu."

"Mashallah! Mweupe, au maji ya kunde?"

"Sijui. Uso wake sijauona."

"Haya. Kipimo chake?"

"Sijui pia."

"Ala! Wewe hukuja kununua bangili, umekuja kunipigisha ramli." Kisha Bi Mehrun akaacha mzaha. "Sikiliza, kaka yangu. Ikiwa kubwa, itamvuka. Ikiwa ndogo, itavunjikia mkononi, siku ya Teej, mbele ya shangazi zake. Watasema nini? Watasema mama mkwe kafa, na binti yetu ameletewa nuksi kutoka nyumba ile ile. Utamharibia mtoto. Mpelekee vitamu tu."

Maneno ya kweli hayana dawa. Ghisulal alivaa viatu vyake, akafika mlangoni, akasimama. Akageuka.

"Mikono yake naijua," alisema.

"Mikono?"

"Ndiyo inayoniwekea sahani. Rangi yake ni ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Vidole virefu. Hapa chini ya gumba ana kovu, aliungua akipika chapati. Na kucha amezikata mpaka kwenye nyama. Zamani alikuwa nazo ndefu. Alizikata mke wangu alipoanza kuugua, asije akamkwaruza akimwogesha."

Hakuna aliyecheka tena. Mwanamke mmoja pembeni alivuta mtandio wake, akajifuta pua.

"Na ukubwa?" Bi Mehrun aliuliza polepole.

"Kopo letu la maji nililifua mwenyewe, lina mdomo mwembamba. Marehemu alikuwa akilisugua kwa kijiti. Huyu huingiza mkono mzima. Unakwama kidogo hapa penye gumba, kisha unapita." Akalichukua gogo la kupimia bangili, nene huku na jembamba kule, akatembeza kidole juu yake, akakisimamisha. "Hapa."

"Una hakika?"

"Dada, shaba ile nimeigonga kwa mikono hii."

Bi Mehrun hakugusa zilizotundikwa ukutani. Akakata lakiri mpya, akatengeneza bangili za kijani cha majani ya mvua, ukingo mwekundu. "Kwa mkono wa rangi ya chai," alisema, "hizi zitaimba. Lakini zikivunjika usije ukanililia hapa."

Siku ya kupeleka sinia, Ghisulal aliketi barazani kwa wakwe zake, shingo imemkakamaa. Ndani, mlango ukiwa wazi, Sugna alikuwa amejitanda ushungi wake mpaka kidevuni. Shangazi yake, mwanamke mwenye ulimi, alimshika mkono, akaanza kuingiza bangili ya kwanza. Ikakwama penye gumba. Ghisulal akaacha kupumua. Shangazi akasukuma, na bangili ikapita, ikatua kwenye kifundo cha mkono kana kwamba ilizaliwa pale. Ya pili ikapita. Zote zikapita.

"Mh," shangazi alisema, akitafuta kasoro. "Na nani kachagua hizi? Mimi nimesikia nyumba ile haina mwanamke tena."

Baba yake Sugna akainamisha kichwa kwa aibu. Ghisulal akatazama viatu vyake.

Ndipo ikatoka sauti ndani ya ushungi, sauti ya kijana, nene kidogo, yenye kicheko ndani yake, ambayo Ghisulal hakuwahi kuisikia tangu binti huyo aingie nyumbani kwake.

"Kachagua mama mkwe wangu. Kwani humwoni, shangazi? Si yule pale barazani, mwenye masharubu!"

Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko, shangazi naye akashindwa kujizuia. Ghisulal alicheka pamoja nao, kisha kicheko kikamshinda, akalia mbele ya wakwe zake wote wala hakuona haya.