Kucha Nane za Verlon Pruitt

Verlon Pruitt alipanda nguzo za simu miaka thelathini na moja katika milima ya Kentucky, kisha kampuni ikang'oa waya zake za shaba na yeye ikamng'oa pamoja nazo. Alikuwa na miaka hamsini na tatu na magoti mabovu. Shule za kaunti zilikuwa tayari kumpa kazi ya kufunga mitandao ya kompyuta, ila zilitaka cheti cha chuo cha kaunti, na zilikitaka kabla ya Jumatatu. Asipokipata, shemeji yake Gaylon alimwekea nafasi kwenye duka lake la matairi. Ovaroli ilikuwa imeshashonwa jina la Verlon kifuani. Kila Jumapili baada ya ibada Gaylon alimkumbusha kwamba ipo.

Masomo ya kitabuni hayakumshinda. Kilichomshinda ni mikono. Kebo ya kompyuta ina waya nane ndani, na chuoni zilitakiwa ziingie kwenye kichwa cha plastiki kwa mpangilio mmoja tu, rangi ya chungwa mbele. Watu wa simu huanza na bluu. Verlon alisema chungwa, vidole vikaenda bluu. Miezi minne.

Mkewe Nadine ndiye aliyepata dawa. Alimkalisha jikoni akampaka rangi ya kucha vidole vinane, kila kidole rangi ya waya wake kwa mpangilio wa chuoni, akaacha vidole gumba. Verlon alikwenda na kucha zile kununua mbao. Alikwenda nazo kanisani.

"Zimekupendeza," Gaylon alisema.

"Najua."

Jumamosi asubuhi ukafika mtihani wa mikono: kebo moja, ncha mbili, nusu saa. Mwalimu wao, Marisela Quintanar, binti wa miaka ishirini na saba asiyecheka kazini, alisoma masharti. Hakuna daftari, hakuna simu, hakuna msaada wowote. Akafika meza ya Verlon akasimama.

"Mzee Pruitt, hizo ni nini?"

"Kucha."

"Naona ni kucha. Zina majibu."

"Sijaandika kitu."

"Futa."

Jirani wa Verlon mezani, DeShondra Lyle, alikuwa akifanya kazi kwenye makazi ya wazee, na tangu siku ya kwanza alimhesabu Verlon miongoni mwao. Akatoa mkobani chupa ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. "Lete mikono, babu. Usilie."

"Silii. Inanuka."

"Ndo urembo huo, vumilia."

Verlon alimaliza kwa dakika ishirini. Marisela akachomeka ncha mbili kwenye kipimio, taa zikawaka moja hadi nane bila kuruka. "Umefaulu," akasema, akaweka alama, akaenda meza ya nyuma.

Hapo ndipo Verlon alipoitazama kebo yake. Bluu mbele. Ncha zote mbili. Kwa kuwa alikosea sawasawa pande zote, taa zilikubali. Taa haijui rangi. Kebo fupi kama ile ingeweza hata kufanya kazi. Lakini ukiivuta mita themanini juu ya dari ya shule, waya zisizo katika jozi zake zitaingiliana, mtandao utakatikakatika, na mtu atapanda ngazi kutafuta kwa nini. Verlon alimaliza nusu ya maisha yake juu ya nguzo akirekebisha kazi za watu walioacha kebo mbovu kama ile. Alikuwa na jina la kuwaita, ambalo hakulitamka mbele ya Nadine.

Akaikumbuka ovaroli. Kisha akachukua koleo, akakata ncha zote mbili.

"Babu, umerukwa na akili?" DeShondra alinong'ona. "Si ameshakupa alama!"

"Ni mbovu."

Marisela aligeuka. "Umekata kebo iliyofaulu?"

"Ilianza na bluu, mwalimu. Wewe uliangalia taa."

Marisela akarudi kwenye meza ya Verlon. Akafuta ile alama. "Umebakiza dakika saba."

Verlon akaweka mikono mezani. Kucha zilikuwa tupu, zimepauka kwa dawa, lakini wiki mbili alizitazama akila, akiendesha gari, akiimba tenzi. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa chungwa na nyeupe. Cha pete, chungwa. Akaenda hivyo, kidole kwa kidole, midomo ikichezacheza, na ncha ya pili ikabanwa zikiwa zimebaki sekunde arobaini.

Safari hii Marisela aliinama akasoma waya mmoja mmoja, ndipo akachomeka. Akaweka alama. Halafu akarudi kwenye meza zote alizokwisha kupitisha, akaanza kusoma rangi. Huko nyuma mtu mmoja akamtukana Verlon kwa jina.

Verlon alipofika nyumbani na cheti, Gaylon alikuwa jikoni anakula maharage ya Nadine.

"Enhe, niilete ovaroli?"

"Tafuta mtu mwenye jina kama langu."

Verlon akavuta kiti, akamnyooshea mkewe vidole vinane.

"Paka tena. Jumatatu naingia kazini."