Kifaranga wa Gasto

Gasto alimshika kifaranga miguu yote miwili, akamning'iniza kichwa chini, akamtikisa kama mtu anayekung'uta vumbi kwenye kitambaa. Kifaranga alijikunja, akainua shingo, akapigapiga vibawa vyake.

"Mnaona? Anajiinua. Jogoo huyu."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kusikiwa na uwanja mzima. Selina alikuwa kwenye kinu, hatua kumi kutoka pale, mchi mkononi. Alimtazama shemeji yake, na mdomo ukamjaa mate membamba, yale yanayotangulia kutapika. Hakuchefuliwa na kifaranga. Alichefuliwa na koti. Gasto alikuwa amevaa koti la marehemu Manase, mume wa Selina, lile la kaki ambalo Manase alipewa mgodini Sekenke mwaka wake wa kwanza wa kazi. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa, na tayari mikono ya koti ilikuwa inang'aa kwa mafuta ya nyama, na kifuani kulikuwa na madoa ya ugoro.

Kifaranga alikuwa wa Selina. Kuku wake mweusi aliangua tisa, wiki tatu zilizopita, na Selina aliwajua wote tisa kama anavyojua meno yake. Wanne walikuwa majogoo: migongo mitupu bado, manyoya yanasuasua, lakini kilemba cha kichwani kimeanza kuwa chekundu. Huyu aliyening'inia mkononi mwa Gasto alikuwa na mkia tayari. Manyoya ya mabawa yalikuwa yameshafunika mgongo, na kilemba chake kilikuwa kistari tu, cha njano. Tetea kabisa.

Alifungua mdomo aseme. Akaufunga.

Alijua kifaranga yule anapelekwa wapi. Manase alikufa kwa kikohozi. Miaka minne alipasua miamba chini ya ardhi, akimeza vumbi lile jeupe, mpaka akawa anatema makohozi ya kijivu, kisha mekundu, na mwishoni aliletwa nyumbani juu ya machela, mwepesi kama kikapu. Kila aliyekuwa na ndugu mgodini alikijua kikohozi kile. Gasto naye alikijua. Lakini wiki ya tatu baada ya maziko aliingia nyumbani kwa Selina, akakalia kigoda cha marehemu, akasema, "Nyumba haikai bila mwanamume, na niliyebaki ni mimi." Akamwekea mkono gotini. Mkono wenyewe ulinuka ugoro na beberu. Selina aliuondoa kwa vidole viwili, jinsi mtu anavyomwondoa kupe kwenye sikio la mbwa.

Tangu siku hiyo Gasto akaanza kuuliza, kwenye pombe na kisimani, ni kitu gani kilichomla ndugu yake.

Sasa alikuwa anakwenda kumuuliza mganga. Kifaranga akipasuliwa na akasema aliyeua ni mke, Selina angerudi kwao Kinampanda mikono mitupu. Isaka, mwanawe wa miaka minne, angebaki kwa ukoo wa baba yake. Na Lea, aliyekuwa bado ananyonya, amelala mgongoni mwake wakati ule akimlowesha shingo kwa udenda, naye angebaki.

Kwenda kushtaki kwa bwana shauri, huko Singida? Serikali ya Waingereza ilikataza mambo hayo, ndiyo. Lakini masikio ya bwana shauri kijijini yalikuwa ni jumbe, na jumbe alikuwa amekwisha kualikwa kwenye ramli.

Basi ilibaki kanuni yenyewe. Pale kwao kila mtu aliijua: mwanamume akiuliza analeta jogoo, mwanamke akiuliza analeta jike. Mwulizaji humtemea kifaranga mate mdomoni, na kifaranga huwa ni yeye. Jinsia zikipishana, kifaranga hambebi mtu, ni nyama tu. Na kifo cha mtu mmoja hakiulizwi tena, kimeeleweka au hakikueleweka.

Selina akisema sasa kwamba huyo ni jike, Gasto atamrudisha tengani na kuchukua mwingine, na safari hii huenda akabahatisha jogoo. Acha ampeleke.

Akainua mchi, akaendelea kutwanga.

Walimwita jua lilipokuwa limesimama juu ya tembe. Walikuwa wamekaa uani, penye kivuli chembamba cha ukuta: Mzee Msengi mganga, na chungu chake kipana mbele ya magoti, jumbe Shango, kofia imewekwa juu ya paja, mama mkwe wa Selina, amejifunika kanga mpaka machoni, wazee wawili wa ukoo, na Gasto.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Kaa chini, mama Isaka," alisema jumbe. "Nyoosha miguu."

Alikaa, akanyoosha miguu kama mtu anayehukumiwa. Gasto alimfungua kifaranga mdomo kwa ukucha wa kidole gumba, ukucha mrefu wenye weusi chini yake, akainama, akatema. Uzi wa mate ya ugoro, ya kahawia, ukarefuka kutoka mdomoni mwake mpaka kwenye mdomo mdogo ulioachama, haukukatika. Akaukata kwa kidole. Kidole akakifutia koti.

Selina alitazama pembeni.

Mganga alifanya kazi upesi. Kisu kidogo, mlio mmoja, kisha kifaranga akawa amelala chali chunguni, kifua kimetandazwa. Nzi walifika kabla damu haijatulia. Mzee Msengi alinyoosha bawa moja, akanyoosha la pili, akavuta utumbo kwa ncha ya kidole na kuutandaza kando.

"Hapa ni mlango wa nyumba," alisema. "Hapa ni kitanda. Hapa ni jiko." Palikuwa na doa jekundu lililokolea, dogo kama kichwa cha mchwa. "Damu imesimama jikoni."

"Maana yake nini?" aliuliza jumbe.

"Aliyemla hakutoka nje. Yumo ndani. Ni mpishi."

Gasto akapiga yowe. Lilikuwa yowe zuri, lililoandaliwa, lakini macho yalikuwa makavu kama uwanja wa kupuria. "Nilisema mimi! Ndugu yangu! Alikuwa anakula kifo kila jioni, anashukuru!" Mara akanyamaza, akageuka kwa jumbe kama mtu aliyemaliza kazi moja na kuanza nyingine. "Kesho alfajiri aondoke. Huyo mtoto mchanga atapewa maziwa ya mbuzi."

Mama mkwe alitikisika ndani ya kanga.

"Mzee Msengi," alisema Selina, "aliyeuliza ni nani?"

"Ni Gasto. Si umemwona?"

"Gasto ni mwanamume?"

Mmoja wa wazee alicheka puani. "Hilo muulize mkewe aliyemkimbia."

"Nauliza kwa heshima. Ikiwa ni mwanamume, kifaranga wake anatakiwa awe nani?"

"Jogoo," alisema mganga. "Mtoto mdogo anajua."

"Basi nionyeshe ujogoo wa huyu."

Gasto alisimama. "Nimemning'iniza mbele ya watu! Alijiinua! Mlimwona!"

"Hata wewe ukining'inizwa kichwa chini utajiinua, shemeji. Hakuna anayependa."

"Mwanamke anamfundisha mganga kazi! Jumbe, unasikia?"

Mzee Msengi aliinua mkono. Hakuwa mtu wa kelele. "Mama Isaka, kifaranga wa wiki tatu huwezi kumtambua kwa macho. Watu hubishana. Huyu anasema hivi, yule anasema vile."

"Kwa nje watu hubishana. Kwa ndani hakuna ubishi. Umeshampasua, mzee. Tazama."

Mganga alitazama chunguni. Kidole chake kilikwenda kwenye doa, kikarudi, kikasimama hewani. Hapo Selina alielewa, na alichoelewa kilimchefua kuliko mate ya Gasto. Mzee hakujua pa kutazama. Alikuwa amepasua vifaranga miaka thelathini, amewafukuza wake za watu na kuwatia watu doa la uchawi, na hakuwahi hata siku moja kuuinua utumbo ule aone kilichoko chini yake.

Selina alipiga magoti mbele ya chungu, akatia mkono.

"We!" alipiga kelele jumbe.

Lakini mkono ulikwisha kuingia. Sekenke, wakati Manase yuko shimoni, Selina alisafisha kuku miaka miwili kwenye jiko la msimamizi Mzungu. Msimamizi alipenda kuku wachanga, wadogo kama ngumi, na mpishi wake, Mnyamwezi mmoja mlafi, alitaka mapumbu ya kila jogoo yatengwe kwenye kibakuli, ayakaange na yai, ale yeye. Asiyeyatoa alipigwa mwiko. Kwa hiyo Selina alijua yanakaa wapi, hata yakiwa madogo namna gani.

Nyama ilikuwa bado ya moto. Utumbo uliteleza kati ya vidole, ukapasuka mahali, na harufu ya uwele uliochachuka ikapanda pamoja na harufu ya damu. Kwenye koo la kifaranga mate ya Gasto yalikuwa bado yapo, mazito, ya kahawia, yamechanganyika na chakula. Selina alipumua kwa mdomo. Alisukuma utumbo wote kando kwa kidole gumba mpaka uti wa mgongo ukaonekana, na figo zimelala kando yake.

"Hapa. Upande wa kushoto, juu ya figo. Kitu kimoja, bapa, kama ganda la punje. Mnaona? Upande wa kulia hakuna kitu. Huyo ni jike. Jogoo ana viwili, vinalingana, kushoto na kulia, kama punje za uwele."

Wazee walisogea. Jumbe aliziba pua kwa kofia yake, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Tutajuaje kama ni kweli?" alisema. "Kila mtu anaweza kuonyesha kipande cha nyama akakipa jina."

"Tengani kwangu kuna majogoo wanne. Aletwe yule wa kijivu mwenye kilemba chekundu. Mpasue mwenyewe, jumbe. Mimi sitamgusa."

Akaletwa. Selina hakumtazama alipokuwa anachinjwa, maana alimlisha kwa mkono wake. Jumbe mwenyewe ndiye aliyesukuma utumbo, uso umekunjamana kama wa mtoto anayenyweshwa dawa.

"Viwili," alisema. Akarudia, taratibu: "Viko viwili."

Mzee mmoja alivitazama vyungu viwili, kile cha mganga na ungo uliogeuzwa kuwa chungu, akatema mate pembeni. "Basi huyu wa kwanza ni jike kweli."

"Si kitu!" alisema Gasto. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, akalilamba. "Si kitu, jogoo tunaye. Huyu hapa, bado ana joto. Nitamtemea huyu, mganga asome upya."

Ndipo mama mkwe alipoifunua kanga usoni. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Mwanangu nimemzika mara moja. Hutamuuliza mara mbili. Hujawahi kuona jambo hilo likifanyika, na halitafanyika nyumbani kwangu. Kaa chini, Gasto."

Gasto alikaa.

Watu wote wakamgeukia mganga. Mzee Msengi alinawa mikono kwa maji ya kibuyu, kidole kimoja kimoja, bila haraka. "Kifaranga yule hakubeba mtu," alisema hatimaye. "Hakusema neno."

"Hakusema neno," alisema Selina, "lakini wewe ulimsikia. Ulisikia mlango, ukasikia kitanda, ukasikia jiko. Ulitaka kuninyang'anya watoto wangu kwa maneno ya nyama tupu."

Jumbe alivaa kofia. Aliivaa ili aseme kama jumbe. "Shauri la kifo limekwisha. Mama Isaka hafukuzwi. Watoto wake ni wake, na shamba atalima. Nimesema, na wazee wamesikia." Akakohoa. "Lakini umetia mkono kwenye chungu cha mganga, jambo ambalo halijafanywa na mtu. Na umemvunjia heshima mtu mzima mbele ya watu. Piga magoti hapo, umwombe radhi, tutawanyike kwa amani."

"Neno moja tu, mwanangu," alinong'ona mama mkwe, akimshika kiwiko. "Mdomo hautachubuka. Sema tu, yaishe."

Selina alitazama mikono yake. Damu ilikuwa imeanza kukauka kwenye mikunjo ya vidole, na chini ya ukucha mmoja kulikuwa na uwele uliotafunwa. Alimtazama Mzee Msengi, ambaye alikuwa anamsubiri kwa uso wa mtu aliyezoea kuombwa. Alimtazama Gasto. Gasto alikuwa amekwisha kumwokota yule jogoo wa kijivu, amemweka katikati ya magoti na anamnyonyoa, akipuliza manyoya yaliyomganda midomoni. Leo hii, saa hii, yeye alichoona ni mchuzi tu.

Lea aliamka mgongoni, akalia njaa. Selina alisimama, akamvuta mtoto mbele kwa kiganja kilichokuwa kisafi, akamweka kifuani.

"Siombi radhi," alisema.

"Mama Isaka..."

"Nimekusikia, jumbe. Nakushukuru kwa hukumu yako. Mkono niliutia, na ningeutia tena mpaka kwenye kiwiko. Mzee alisema uongo juu yangu, nami nimesema kweli juu yake. Hapo radhi inatoka wapi?"

"Ni mtu mzima yule!" alifoka mzee mmoja.

"Na mimi ni mtu. Siombi. Si kwake, si kwa Gasto, si leo, wala mkinijia kesho."

Mama mkwe aliuachia mkono wake. Jumbe alifungua mdomo kusema tena.

"Siombi, baba," alisema Selina, na akaanza kumnyonyesha mwanawe.