Pindo la Koti la Olav

Katika bonde la Hallingdal hata mtoto anajua sharti la koti la sherehe: kitambaa hakikatwi. Mvaaji akiwa mfupi, mikono ya koti hukunjwa ndani na kushonwa taratibu kwa sindano. Akija mrefu, pindo linafumuliwa. Koti la marehemu Olav lilikunjwa na kufumuliwa tangu enzi za babu yake, na ukiligeuza ndani uliyaona matundu ya sindano, safu baada ya safu. Gunnvor, mjane wake, alilijua sharti hilo vizuri mno, maana nusu ya mabinti wa bondeni yeye ndiye aliyewafundisha kushona. Kwa hiyo hana pa kujifichia.

Koti lilikuwa haki ya Tarjei, mwanawe wa kwanza, mrefu kama baba yake. Lakini Tarjei alikataa kurithi shamba, akagombana na mama yake wiki ile ile ya mazishi, akaenda zake mji wa bandari wa Bergen kufanya kazi melini. Hakupiga simu. Mama naye, kwa kichwa chake kigumu, hakupiga. Miaka ikapita, na mdogo wake, Sjur, mfupi na mwingi wa mizaha, alipotaka kuoa akaomba koti.

Gunnvor aliketi kwenye meza ya jikoni, akapima, akashika mkasi mkubwa. Kukunja ni kwa ajili ya anayekuja, alijiambia, na huyu haji. Akakata. Akashona pindo jembamba la kupendeza, kisha vile vipande vya sufu nyeusi akavisokomeza kwenye ufa wa dirisha la chumba cha juu, vizuie upepo. Chumba chenyewe kilikuwa cha Tarjei.

Wanasema majuto ni mjukuu. Gunnvor hakuwa na mjukuu hata mmoja bado, lakini majuto yalifika mapema, theluji ilipokuwa inayeyuka, kwa njia ya simu. Tarjei angekuja kwa sikukuu ya taifa ya mwezi wa Mei, atembee na wenzake wa bondeni kwenye maandamano ya sherehe. Aliuliza kwa aibu kidogo kama koti la baba bado lipo. Mama akajibu kwamba lipo.

Tarjei alifika jioni ya kuamkia sikukuu, akanywa kahawa, akasifu jibini, wakazungumza habari za kondoo kana kwamba hakuna kilichowahi kuharibika. Kisha akavaa koti. Mabegani lilimkaa barabara, ila mikono yake iliishia mbali kabisa na viganja.

"Kaka, umekuwa kama kunguru aliyenyonyolewa," Sjur akasema, na wote wawili wakacheka.

"Fumua tu pindo, mama," Tarjei akasema. "Muda upo."

Gunnvor akachukua mkasi mdogo wa kufumulia, akaketi, kisha akaurudisha mezani. Tarjei akavua koti, akaupindua mkono mmoja mwenyewe, akalisugua pindo kati ya vidole, pale palipopaswa kuwa na kitambaa cha upana wa kiganja. Hapakuwa na kitu.

"Umekata."

"Zilikuwa hasira, mwanangu."

Tarjei akaupindua mkono wa pili, nao akaupapasa polepole. "Hasira hukata mkono mmoja, mama. Wewe umekata yote miwili."

Kesho yake alitembea kwenye maandamano na jaketi lake la bluu la kazini, katikati ya makoti yenye vifungo vya fedha. Watu walipomuuliza, alisema amenenepa, koti limembana. Gunnvor alimsikia akisema hivyo, na ikamuuma kuliko kama angemtangaza kwa kijiji kizima. Jioni Tarjei akamkumbatia kama mgeni mwenye adabu, akaondoka. Hakusema atarudi lini.

Gunnvor akapanda chumba cha juu, akavichomoa vile vipande dirishani. Vilikuwa na unyevu, na upande mmoja jua lilikuwa limevichujua rangi. Akavifua, akavipiga pasi, akaviunga kwenye mikono ya koti. Kiungo kilionekana waziwazi kama kovu, na hata yeye, fundi wa mafundi, hakuweza kukificha. Kisha akapima kipimo cha Sjur, na safari hii akakunja.

Sjur alilivaa tena siku ya ubatizo wa binti yake. Akajikuna kifundo cha mkono na kulalamika kwamba ndani ya mkono wa koti kuna mkunjo mnene, unamkwaruza, na mama si angeutoa tu.

"Vumilia," Gunnvor akasema. "Hapo ni mahali pa kaka yako."

Sjur alitaka kutania. Akamtazama mama yake usoni, akafunga vifungo.